Nyimbo za Bufee

Erdington,
Birmingham.
9 Novemba 2024.

Mpendwa shemeji Mark,

Pokea salamu kutoka kwa mtu mwenye bahati kuliko Wakenya wote walio huku. Usicheke. Wenzangu hapa watoto wakifika umri wa Audrey wanapita sebuleni kama wapangaji, hata salamu hawatoi. Wangu mimi ananingoja nikitoka shifti, chai iko mezani, ananipa habari za shule mpaka naomba aninyamazie kidogo nivue viatu. Mwambie mama hivyo, maana najua ndilo swali alilokutuma: mtoto wa Roselyne anaongea na baba yake? Anaongea. Anampita hata mama yake.

Habari za Nkubu? Mama mguu unaendeleaje? Na wewe, lile tumbo la mwenyekiti bado linakutangulia mlangoni? Mimi mwili ni mzima. Baridi imeingia, ile ya kuuma masikio, lakini huku nimeshakuwa mwenyeji. Waingereza wenyewe asubuhi huniangalia mimi kwanza ndipo wajue koti la kuvaa.

Kwa ndani sijui nikuambie nini. Umewahi kung'olewa jino? Ile sindano inafanya shavu liwe la mtu mwingine. Unaligusa, unajua ni lako kwa sababu uliamka nalo. Ndivyo nilivyo tangu tumzike dada yako Roselyne Aprili. Chakula nakula. Kazini nawageuza wazee kitandani, nawatania, wanacheka. Halafu nafika kwa nyumba, nakaa na koti mwilini, na sioni sababu ya kulivua.

Sasa nikueleze ile video ya ibada ya kumkumbuka, ya mwezi jana. Nasikia imefika mpaka huko na watu wanauliza nilikuwa naimba nini.

Nilikuwa nimepita kwa duka la vitu vilivyotumika hapa High Street nikaona kitabu kinene cha nota, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Nyimbo za Kiitaliano za sauti ya besi, na wewe unanijua mimi na besi. Kwenye jalada imeandikwa Arie buffe. Sasa, buffe si ni bufee? Nikasema hawa Waitaliano ni watu wastaarabu, wana hadi nyimbo za kuimbiwa watu wakipanga foleni na sahani.

Nikampelekea Gaston, yule Mkongomani anayefundisha kwaya yetu, ndiye mwenye Kifaransa. Akavaa miwani, akacheka, “Eh, ndugu Mugambi! Bouffe ni chakula! Hata kwetu ni vile. Hii ni nyimbo ya meza.” Lugha mbili zimekubaliana, shemeji. Wewe ungebisha?

Na Roselyne alikuwa mtu wa kulisha watu. Nikaona hapo nimempata: ibada ikiisha na chakula kikitolewa, nitamwimbia. Gaston aliniandikia solfa, zile do re mi, chini ya kila mstari, maana nota zenyewe kwangu ni kama mbegu zilizomwagika juu ya waya. Juu ya wimbo nikaona maneno con moto. Hapo sikuhitaji mwalimu. Moto ni moto.

Niliimba, Mark! Kuna pilau, kuna pondu, yale majani ya muhogo ya akina Gaston, kuna chapati, watu wamesimama na sahani, na mimi nimenyoosha mkono kuelekea picha ya dada yako kama askofu. Makofi mpaka nje. Ila mama mmoja Mwingereza, nesi aliyefanya kazi na Roselyne, alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho kwa karatasi ya mezani.

Nilipomaliza alikuja akanishika mikono yote miwili. Akasema anaimba kwaya mtaani kwao, huo wimbo anaujua vizuri, na hajawahi kuona mume jasiri hivi. Jasiri wa nini tena? Akanieleza hapo hapo, Audrey amesimama kando yangu. Buffe ya Kiitaliano si chakula. Ni kichekesho, na moto wao ni mwendo tu wa kuimba upesi. Katika wimbo ule mzee mmoja amemwendea daktari kuomba dawa ya kumnyamazisha mke, kwa sababu mke anaongea mchana kutwa. Na pale mwisho, nilipoivuta besi mpaka vijiko vikatetemeka, mzee anashukuru: daktari, Mungu akubariki, nyumba yangu sasa imenyamaza.

Audrey akaniangalia. “Dad, did you know?”

Hapo ningesema chochote. Ningesema ndiyo, nilijua, mama yako angecheka. Na angecheka, wewe unamjua, angeniambia nirudie kutoka juu. Au ningesema sikujua, nikalia hata kidogo, mtoto aone. Nilimwambia, “Umekula? Chukua kuku kabla haijaisha.”

“Hukujua hata unachoimba,” akaniambia, kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu aanze shule hunijibu Kiingereza. “Unaimba ati mama amenyamaza, na uso wako ni ule ule wa kila siku.”

Nikajaribu kutafuta uso mwingine. Sikuupata.

Gaston anakusalimu. Ameapa hatatafsiri tena kitu, hata jina lake. Nisalimie mama, Eric na watoto wake, na Salat wa dukani aliyebeba jeneza pamoja nasi, bado sijamshukuru. Mungu awafunike nyote, mvua iwapate mkiwa mmeshapanda, na mama alale usiku bila maumivu.

Mark, ile ya kule juu usimsomee mama. Ni uongo. Hakuna chai mezani. Audrey alitoka ukumbini na Jelagat, yule rafiki wa mama yake, na mpaka leo yuko kwake Hodge Hill. Nikienda anabaki chumbani. Mpigie wewe, una sauti ya upande wa mama yake, kwako atapokea. Na mimi haongei.

Shemeji yako anayekupenda,
Mugambi