Maandazi ya Begimai

Mama, na wewe Taalai,

Chai iko kwenye samovari. Taalai, kondoo hawajanyweshwa, na usiseme hukuona. Mama, nimeandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza ili usome bila taabu.

Unga uko kwenye beseni, unaumuka. Msiuguse. Nimekwenda kwa dada Jyldyz kuomba mafuta, kwa sababu mafuta yetu Mama ameyafungia kabatini.

Taalai mume wangu, ulikuwa zizini, basi jua kilichotokea. Nilimwambia Mama leo ni arobaini ya mtoto wetu, nataka kumkaangia borsok, harufu ya maandazi imfikie kama inavyowafikia marehemu wengine wa nyumba hii. Akanijibu, "Hakupumua, binti yangu. Hata jina hana."

Mama, nilikwenda kukanda unga nisije nikalia mbele yako. Daktari alipotuonyesha kwenye picha kwamba fuvu halikuumbika na mtoto hataishi, uliniambia nianze kusahau. Sikuweza. Nilimbeba wiki tatu zaidi, nikizungumza naye kila siku, mpaka akanifia tumboni. Na jina analo. Anaitwa Begimai. Taalai analijua, ila anakuogopa kuliko anavyoogopa mbwamwitu.

~~Nitalala huko huko kwa dada.~~ Narudi saa saba. Nitakaanga uani, hata kama ni peke yangu. Taalai, niwashie moto. Mama, kigoda chako nitakiweka karibu na changu. Ukija kukaa, nitafurahi sana.

~~Mkaza mwana wenu~~

Mama Begimai