Toleo Jipya na Somo la Jumamosi

Jumatatu, 7 Julai

Kahawa debe moja kabla ya saa nne. Naichuma kwa kubonyeza: iliyoiva inalegea, mbichi inagoma. Rangi nimewaachia wenye macho. Baridi kali. Ng'ombe kamaliza mgomba wote wa jana na bado analia.

Simu imenisomea tangazo lile lile. Toleo jipya liko tayari, sasisha sasa au baadaye. Nikagusa baadaye. Juma la tatu hili nagusa baadaye.

Jumanne, 8 Julai

Leo limekuja jingine. Programu ya masomo ya misa inasema kuanzia Ijumaa haitafanya kazi tena kwenye toleo langu la zamani. Nimekasirika. Nani aliwatuma?

Niseme ukweli humu, maana daftari hili halisomwi na mtu, hata mimi nikishaandika silisomi. Macho yamekwisha. Presha ya macho, alisema daktari. Naona dirisha, naona mtu kasimama. Herufi za kitabu sizioni. Naandika kwa maka peni nyeusi, maneno manne yanajaza mstari.

Wenzangu wa jumuiya ya kanisa hawajui. Mimi ndiye msomaji wa somo la kwanza, kila Jumamosi asubuhi, mwaka wa kumi na moja sasa. Dada wa simuni, ile sauti inayosoma maandishi, ananisomea tangu Jumatano, nakariri, Jumamosi nasimama na kitabu wazi mbele yangu, natiririka. Resti, binti yangu wa Dodoma, ndiye aliyeniwekea sauti hiyo. Yeye peke yake anajua. Wengine wakijua, somo atapewa mtu mwingine, nami nitakuwa bibi wa kushikwa mkono na kuwekwa kwenye kiti. Sitaki.

Jumatano, 9 Julai

Resti anasema sasisha, Mama, wala usiogope, sauti mpya ni nzuri zaidi. Rahisi kusema ukiwa Dodoma na macho mawili mazima.

Nimempigia fundi simu wa sokoni, bila kumwambia shida yangu. Anasema yupo mtu wa Masama simu yake ilizimika katikati ya kusasisha, ikawa jiwe. Nikampigia wa Moshi mjini. Hakuna shida kabisa, mama. Huyu alijibu haraka mno, sikumwamini.

Nisiposasisha, masomo yanakatika. Nikisasisha dada akapotea, kila kitu kinakatika. Miaka thelathini na nne ya kufundisha ubaoni, leo naogopa kitufe. Mtori umeshika chini ya sufuria nikiwaza. Nimeula hivyo hivyo.

Somo la Jumamosi hii ni refu. Nusu ninayo kichwani.

Alhamisi, 10 Julai

Nimesasisha. Saa tatu asubuhi, umeme upo, bando la Resti limeingia. Nikafanya ishara ya msalaba, nikabonyeza. Kimya. Nikafagia uwanja mara mbili.

Imewaka. Inaongea Kiingereza.

Dada kaondoka, kaja mzungu mwanamume. Kiswahili anakisoma kama mtalii aliyeteremka mlimani na njaa. Somo zima sielewi neno. Kiingereza nilikifundisha kwa chaki, pole pole, siyo kwa mbio hizi. Kila ninapogusa ananitajia kitu kingine. Nimetaka kumpigia Resti, hata jina lake sikulipata.

Nimelia. Hasira zaidi ya huzuni.

Ijumaa, 11 Julai

Bado mzungu. Nusu ya somo sina. Nikafikiri kutuma ujumbe kwamba naumwa. Kwa simu ipi?

Saa nne nikavuka mfereji kwenda kwa Mama Aneth, mwenyekiti wa jumuiya. Nilimfundisha darasa la pili. Shikamoo Mwalimu, karibu ndani, kiti hiki hapa. Nikamtia simu mkononi kabla sijabadili mawazo. Nikasema siwezi tena kusoma, hii ndiyo inayonisomea, na nimeiharibu. Nikangoja ashangae.

Hakushangaa. Alisema, "Tunajua, Mwalimu. Kwaresima ulisimama na kitabu cha nyimbo, ukasoma somo lote bila kukosea neno. Tuliangaliana tu."

Watu kumi na wanane. Tangu Kwaresima. Hawa hawa ambao mtu akinunua mbuzi asubuhi, mchana huku kwetu Kilema watu wote wanajua mbuzi huyo anakula nini. Nikamuuliza kwa nini walinyamaza.

"Tungekwambia, ungeacha. Na wewe ukisoma ndiyo tunaelewa."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Halafu nikakumbuka jambo baya zaidi. Mtoto huyu nilimpigisha magoti mbele ya darasa kwa kukariri ukurasa akajifanya anausoma. Hakulitaja. Ama amesahau, ama ana moyo mzuri kuliko wangu. Nikamwomba msamaha hapo hapo. Akacheka sana, akasema magoti yalipona zamani. Kumbe hakusahau.

Akampigia Resti kwa simu yake. Wakaelekezana: mipangilio, lugha, sauti, pakua Kiswahili. Robo saa, basi. Mzungu akakatika katikati ya neno. Ikatoka sauti ya kike, si ya dada wa zamani, mwingine. Huyu anapumua kwenye nukta na namba za sura hazimpigi chenga. Toleo jipya ni bora, nakiri shingo upande.

Nimerudi mwepesi, kama aliyetua mzigo wa majani. Nimekula, nimelala mchana kweupe.

Jumamosi, 12 Julai

Jumuiya ilikuwa kwa Mama Aneth. Nilisimama bila kitabu. Kidude cha sauti sikioni, simu mfukoni mwa sweta. Mikono sikujua niiweke wapi, nikaikunja mbele kama wanafunzi wangu. Sauti inasema sentensi, nami naisema. Mara moja ilinipita. Nikawaambia, nisubirini, nairudisha. Wakasubiri. Nikamaliza.

Somo la pili alisoma Mzee Apolinari kama kawaida yake, sauti nzito, haharakishi, kitabu kakishika kwa mikono miwili.

Baada ya chai akanifuata kwenye migomba, mahali pasipo na watu. Akauliza kwa sauti ya chini kama simu yake nayo inaweza kuwekewa mtu wa kusoma. Anasema mkewe anachoka kumsomea kila siku mpaka akariri.

Nimemwambia aje Jumatatu asubuhi. Hajui kwamba sikuwa najua kuwa kitabu kile naye hakisomi. Sitamwambia mtu.