Toleka arobaini saa ya mvua

Jumatatu, 6 Oktoba
Mikate ya kukaanga ninayouza imeisha mapema. Mutoto wangu Gloire ananyonya, naandika kwa mukono mumoja. Clarisse, mudogo wangu anayeniita yaya, ametoka masomo na kunyoosha mukono, hata bonjour hakuna. Telefone. Iko yangu, moja tu katika nyumba. Prof wao anawafundisha sayansi ya data: wanahesabu vitu, wanafinya namba kwenye telefone, inatoka muchoro. Mimi niliachia darasa la nane, sababu ya mimba. Yeye anaendelea, tena na telefone yangu.

Nina wivu. Bon, nimeandika.

Jumatano, 8 Oktoba
Prof amewatuma kuhesabu toleka, zile baiskeli za kubeba watu, saa kwa saa. Clarisse amepewa njia panda yetu hapa Kabondo. Pale ninapouzia. Kila siku niko pale, hakuna aliyeniuliza kitu.

Clarisse alikaa kidogo, akahesabu, akaenda kusukwa nywele. Saa nane mvua kubwa. Nikajifunika plastiki na Gloire. Njia tupu. Hata toleka moja.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimefungua telefone. Saa nane: toleka arobaini.

Ametunga. Nilitaka kumwambia. Nikazima telefone. Kesho atasimama mbele ya darasa. Asimame.

Ijumaa, 10 Oktoba
Amerudi macho mekundu. Prof alitazama muchoro, akauliza kama toleka za Kabondo siku hizi zinaogelea. Darasa likacheka. Wanamwita Mama Arobaini.

Nilifurahi. Niliimba hata nikiosha masufuria. Kisha akaweka telefone juu ya meza.

"Yaya, chukua. Kwa prof sirudi tena."

Ndiyo nilikuwa nataka. Mbona telefone nimeiacha palepale.

Jumamosi, 11 Oktoba
Clarisse anamenya ndizi. Nikamwambia yote. Kwamba niliona ile arobaini, nikaacha aanguke. Akauliza kwa nini. Wivu, nikasema.

"Wivu ya nini? Uko na mutoto, uko na telefone, unakula jasho yako mwenyewe. Mimi niko na nini? Niko Mama Arobaini."

Tukacheka kidogo. Yeye alikuwa bado analia.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimeenda masomoni saa ya mapumziko, Gloire mugongoni. Toka niache masomo sijaingia ule uwanja. Nikamwambia prof: mudogo wangu atarudia kuhesabu, na mimi niko shahidi, nauza pale. Akakubali. Clarisse alinichungulia dirishani.

Jumatano, 15 Oktoba
Mimi nahesabu, yeye anafinya. Gloire alitaka kula telefone. Saa kenda mvua tena, tukajifunika plastiki sisi watatu. Clarisse akasema hakuna kitu cha kuandika, tuache wazi. Nikakataa.

"Weka sifuri. Ukiacha wazi, watasema hatukuwa hapa."

Akaniangalia. Akaweka.

Ijumaa, 17 Oktoba
Prof amepokea muchoro. Alimuuliza Clarisse nani aliweka ile sifuri. Akamwambia: yaya.

Wivu haujaisha. Alivyovaa ile jupe ya bluu ya masomo asubuhi, bado iliniuma. Lakini telefone amenirudishia na bonjour, na muchoro uko ndani. Nimemuonyesha Gloire kwa kidole. Mustari unapanda asubuhi, unapanda, halafu saa kenda unashuka mpaka chini kabisa.

Pale chini, chini ya plastiki, ni sisi.