Pombe Imeiva, Majibu Bado

Kitahana, Jumapili. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha, na sasa jua linawaka kama halihusiki. Niko ndani, mlango uko wazi, watu wanakunywa uani. Sina huzuni.

Niandike mambo yalivyo.

Nimepata Daraja la Nne. Kiswahili na Siasa nimefanya vizuri, Kilimo na Jiografia nimepita kwa kujivuta, Kiingereza kimeniponyoka, na Hisabati nimeanguka kabisa. Sikushangaa. Hisabati na mimi hatujawahi kuelewana, na chumba cha mtihani si mahali pa kupatana.

Nilikwenda Kasulu kusoma matokeo ubaoni shuleni, nikaomba nafasi ya ualimu, kisha nikarudi juzi kwa lori la maharage. Majibu ya chuo hayatoki kabla ya Juni, mvua zikikatika.

Baba hakungoja. Siku niliyopanda lori kwenda Kasulu alikata mikungu ya ndizi za pombe akaifukia shimoni. Anayejua ndizi hatamlaumu, maana mikungu ilikuwa imekomaa na nyani hawana subira. Ndizi zikishafukiwa, siku zinakwenda zenyewe. Zinaiva, zinakamuliwa, zinatiwa mtama wa kukaanga, na pombe ikishakuwa tayari haikai siku nyingi bila kuharibika. Wizara ina kalenda yake, shimo lina yake.

Hapa kwetu pombe hainywewi hivi hivi. Mwenye nyumba husimama akasema sababu yake kabla mrija wa kwanza haujaingia kibuyuni: posa, matanga, mtoto kuzaliwa. Na sababu ikishasemwa mbele ya watu, imesemwa. Kuna mtu wa Kumsenga aliwanywesha watu kwa posa ya mwanawe, posa ikavunjika, na mpaka leo wakikutana naye sokoni wanamwuliza mkwe hajambo. Baba anamjua mtu huyo. Ni binamu yake.

Kwa hiyo leo asubuhi, akichuja pombe, aliniita.

"Yustina, niambie sawasawa. Unaingia chuo au huingii? Nataka maneno ya kusema."

"Sijui, Baba."

"Umesoma miaka yote hiyo, hujui?"

Iliniuma, lakini alikuwa na haki ya kuuliza. Nikaketi juu ya kinu kilicholazwa nikaanza kupiga hesabu, mimi niliyeanguka hesabu. Walimu wanahitajika sana, maana watoto wote wanatakiwa waingie shule sasa. Wasichana waliomaliza kidato cha nne si wengi. Siku hizi wanaochagua wanatazama pia kazi na tabia, na shuleni nilisimamia banda la kuku mpaka mayai yakauzwa. Hayo ni yangu. Lakini wenye Daraja la Tatu nao wameomba, tena wengi, na wao watapita mbele yangu mlangoni. Na nani atawapa watoto mwalimu asiyejua kugawanya? Mwalimu wetu wa darasa aliponiaga aliniambia walimu wanahitajika, lakini nisiuze jembe.

Nikamwambia Baba kwamba tungekuwa kumi, wangechukua wanne, labda watano, na mimi nasimama karibu na huyo wa tano.

Akaendelea kuchuja. "Na wakikukataa?"

"Nitafundisha kisomo cha watu wazima hapa kijijini jioni, na Hisabati nitairudia."

"Hisabati ile ile?"

"Ile ile."

Hakucheka. Akafunika mtungi akaenda kuoga.

Niliogopa, sifichi. Baba ana kiburi chake, na mbele ya watu kiburi hicho hupanda. Akisema binti yake anakwenda chuo, ningetembea na uongo ambao sikuusema mimi, kisimani, kanisani, kila mahali, mpaka Juni.

Watu walifika baada ya misa, wakasalimiana kwa makofi yetu ya taratibu ambayo hayana haraka hata kama kiu ipo. Mama akatoa kibuyu. Baba akasimama.

"Mtoto wangu amemaliza kidato cha nne," alisema. "Amepita kwa kuchechemea. Ameomba ualimu. Huenda wakamchukua, huenda wasimchukue. Pombe hii ni ya kungoja."

Hakuna aliyeinama kunywa. Mzee Bukuru, jirani yetu aliyekuja kutoka Burundi, alibaki ameshika mrija hewani.

"Baba Yustina, pombe ya kungoja mimi sijawahi kuinywa."

"Basi leo utakuwa wa kwanza."

"Na wakimkataa?"

"Nitapika nyingine, na sababu nitaisema hivi hivi."

Mzee akainama, akanywa. Wengine wakafuata.

Ndipo nilipoingia ndani. Nililia, basi. Si kwa ajili ya chuo. Sikujua kwamba neno "kuchechemea" linaweza kusemwa mbele ya kijiji kizima na mtu akabaki amenyooka.

Nafasi yangu haijabadilika kwa kibuyu kimoja. Bado ni ya tano katika kumi, nikijipendelea.

Sasa hivi, kupitia mlango, nimemwona Baba akielekea migombani na panga. Nilidhani anakwenda kukata majani wageni wakalie. Kumbe alikata mti wenye panda, akauegemezea mgomba ambao mkungu wake ndio kwanza umechungulia. Alipopita akirudi, alimwambia Mama, "Ule utakomaa Juni."

Hakusema ni kwa jibu lipi.

Kitabu cha Hisabati kiko chini ya kitanda, nilikisukuma kwa mguu siku niliyorudi. Kesho, kabla ya kwenda kupalilia, nakitoa. Naanza na hesabu za sehemu, zile nilizozikimbia tangu darasa la sita.