Ukuta wa Udongo Ndani ya Jumba la Vioo

Kitale, 2006

Kukhu, nyanya yangu,

Tangu tukuzike Malakisi sijapata nafasi ya kukaa na wewe, kwa hivyo leo nakaa. Kwanza habari mbaya: nyumba yako tumeibomoa. Baba amejenga ya matofali. Michoro yote uliyoichora ukutani kwa vidole imerudi kuwa matope. Nililia, naye akaniuliza ati nalilia nini na mabati ni mapya.

Sasa sikia. Hapa Kitale kumejengwa jumba la ofisi za mashirika ya nchi nyingi. Ghorofa tatu za vioo, bendera mbele, na uani sanamu ya chuma ambayo msanifu wa jengo anasema ni amani na fundi wa umeme anasema ni ng'ombe ameangushwa. Ungecheka hadi ushike mbavu. Penye mapokezi msanifu alitaka ukuta mmoja wa udongo, wa kienyeji. Akanipata mimi, mjukuu wako.

Nilikandika udongo na mavi ya ng'ombe kama ulivyonifunza, nikachora mistari yako yote niliyoikumbuka. Halafu nikaacha mahali padogo karibu na mlango, maana ulizoea kusema, "Mwenye nyumba apake kwa mkono yake, ama mimi sijamaliza." Msanifu akasema hapa hakuna mwenye nyumba, ni ofisi ya kila mtu; nimalize kabla ya ufunguzi au ukuta ufunikwe kwa marumaru. Kukhu, niliogopa. Ule ndio ukuta wako pekee uliobaki. Lakini kupaziba mwenyewe, mkono ulikataa.

Asubuhi ya ufunguzi mkurugenzi, mama mmoja wa kutoka mbali, akauliza mbona pako wazi. Nikamweleza. Akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, akachota kwenye ndoo. Kisha akaita wengine: mhasibu, dereva, wapishi, mpaka msanifu na suti yake. Wamepaka vibaya, Kukhu. Mabonde na milima. Ungewakaripia wote.

Ukuta umebaki. Nakuahidi, kila Desemba nitaukandika upya, ila pale walipopaka wao sitapanyoosha. Ni kwao.

Pumzika sasa. Nakupenda, Kukhu. Siku nikizidiwa na kukukosa, naingia pale mapokezi na kusema nimekuja kukagua ukuta. Wananiletea kiti, na hawaniulizi kitu.

Wako,
Nekesa