Diski ya Maziko ya Kasereka

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hiyo ya Butembo? Na baba mdogo, bado anakohoa? Sisi hapa Lubumbashi tunapumua tu. Kazi imekufa, mishahara tumeisahau, na tangu vita vigawanye nchi hakuna ndege wala posta ya kuja kwenu. Barua hii itazunguka Zambia hadi Uganda, mkononi mwa mfanyabiashara wa kwetu, ndipo ikufikie.

Mama, nimesikia umekataza watu kukaa matanga. Umesema hutamlilia mdogo wangu Kasereka mpaka mtu wa tumbo lako amwone kwa macho, maana siku hizi za vita habari nyingi ni uongo. Basi waumini wenzake wa huko Kanada alikokuwa akiishi walipiga video ya maziko, wakaiweka kwenye diski, ikanifikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa.

Hapa mtaani Katuba sina mashine ya kuichezesha. Mama Furaha, mke wa tajiri mmoja wa kwetu anayekaa mtaa wa Golf, akanikaribisha kwake. Tukaitia diski. Televisheni ikaandika kwamba si ya eneo letu, mashine ikaitema. Tukarudia, ikaitema tena. Sikufichi, Mama: nilifurahi. Nikajisemea, kama hata mashine inakataa, pengine mdogo wangu yuko hai.

Lakini Mama Furaha akamwita fundi wa redio.

"Papa, hii machine balinunua Dubai," fundi akaniambia, "na diski iko ya Kanada. Banazifungaka, kila bara na yake. Muniletee télécommande, nitafungula."

"Na kama ikikataa?"

"Haitakatala, papa."

Nilitaka kumwambia aache. Akabonyeza namba kadhaa kwenye rimoti, akairudisha diski, picha ikatokea.

Kanisa dogo, theluji dirishani, watu wachache. Mchungaji alilitamka jina la Kasereka vibaya hata sikulitambua, nikazidi kutumaini. Kisha mwenye kamera akasogea karibu na sanduku. Lilikuwa wazi. Koti jeusi nisilolijua, ndevu zimenyolewa. Mdomo umeachama kidogo upande wa kushoto, vile alivyokuwa akilala tulipolala mkeka mmoja.

"Njo yeye?" Mama Furaha akauliza, kama ndiye Kasereka.

Nilipiga magoti mbele ya televisheni, nikaweka mkono juu ya uso wake. Kioo kilikuwa na joto, Mama. Hilo ndilo lililonivunja.

Fundi alizima mashine mwenyewe, akatoka bila kudai kitu.

Nisalimie dada Masika na watoto wake, nisalimie baba mdogo, na yule mwalimu wa kwaya aliyempenda sana Kasereka. Waite wote, Mama. Waambie wawashe moto uani, wakae nawe. Ni yeye.

Mimi mwanao wa kiume uliyebaki naye,
Paluku