Njia za Msituni Alizozichagua Gebhard

Nyumba ya Wageni ya Zangerl,
Falzertal, Tirol,
9 Februari.

Mpendwa mdogo wangu Burgi,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii. Hujambo? Na shemeji Desmond, mgongo wake umepoa tangu alipoanguka kwenye ngazi akichuma matunda? Huko Tasmania sasa ni kiangazi, na ninakuona moyoni ukiwa na gauni jepesi, unamwagilia maua yako. Mimi nimevaa soksi mbili mbili na sweta la marehemu Mama, lile la kijivu. Goti langu limepona vizuri, ahsante kwa kuniulizia kila mara. Mwili hauna neno. Ni mambo mengine.

Utashangaa kwa nini ninakuandikia badala ya kukupigia simu. Chumba ni kimoja, mdogo wangu, na Gebhard yumo ndani. Theluji imeanguka mfululizo hadi barabara ya kutoka bondeni imefungwa kwa hofu ya maporomoko ya theluji, lifti za mlimani zimesimama, na kuta za nyumba hii ni nyembamba kiasi kwamba tunamsikia jirani akipiga mswaki. Nimemwambia shemeji yako kwamba ninakuandikia salamu tu. Amelala akitazama ukutani. Najua hajalala.

Unaijua desturi yetu. Kila Januari tunatandaza ramani ya mlima kwenye meza ya jikoni tunapanga njia za kuteleza kwa skii, siku yake na siku yangu, na tunagombana kwa raha zetu. Siku zote yeye alitaka zile zilizochorwa kwa rangi nyeusi, zenye mteremko wa kutisha. Mimi nilitaka nyekundu. Za bluu tuliwaachia watoto na watu wa kutoka nchi tambarare. Mwaka huu akachukua penseli akapanga wiki nzima njia za bluu tu, zile za chini, katikati ya misonobari. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema analifikiria goti langu.

Liliniuma hilo, Burgi. Mwaka mzima nimepanda na kushuka ngazi, nimekanyaga baiskeli isiyokwenda popote pale kliniki, ili nirudi kwenye njia ndefu nyekundu inayoshuka kutoka kilele cha Rossjoch. Halafu mtu ananishika mkono kama mgonjwa. Nikamwambia, goti ni langu, alisemee lake. Akacheka, lakini penseli hakuiachia.

Basi tulipofika tukaanza kuzunguka msituni. Asubuhi njia ileile, mchana njia ileile, miti huku na miti huku, hadi nikaanza kuitambua mmoja mmoja. Gebhard alikuwa nyuma yangu, karibu mno. Miaka yote yeye ndiye wa mbele, ananisubiri kwenye kona akinicheka kwa uzito wangu. Sasa kila nikigeuka, yuko pale pale mgongoni. Nilijiona kama mbuzi aliyefungwa kamba. Na kule mkahawani hakusoma tena orodha ya vyakula. Akaagiza nilichoagiza mimi. Hilo nilidhani ni uvivu.

Jumatano nikagoma. Nikamwambia leo ninakwenda Rossjoch, akitaka aje, asipotaka abaki na misonobari yake. Akafunga viatu akanifuata.

Tulipokuwa kwenye viti vya lifti jua lilikuwa linawaka. Tulipofika juu, wingu likatokea nyuma ya kilele likatufunika. Wewe umekulia milima hii, unaijua hali ile: mbingu na theluji vinakuwa kitu kimoja, kama uko ndani ya maziwa. Lakini vigingi vya rangi ya chungwa pembeni mwa njia nilikuwa ninaviona, basi nikaanza kushuka. Goti likanitii. Nilifurahi kama msichana. Baada ya kona chache nikageuka nimwoneshe kwamba nilimwambia, na hayupo.

Alikuwa bado juu, pale mteremko unapoanza, skii ameziweka kando kando, fimbo amezichimbia chini. Nikamwita. Hakusogea. Watu wakapita katikati yetu, mmoja akamtukana kwa kuziba njia. Ikabidi nipande tena hatua kwa hatua, kwa ubavu, huku goti linalalamika na mimi ninaandaa maneno makali. Nilipomfikia nikakuta midomo yake imekuwa myeupe.

"Roswitha," akaniambia, "sikuoni."

Nikamwambia hakuna anayeona, ni ukungu.

"Siyo ukungu. Ninakuangalia usoni na uso haupo."

Hapo hapo, theluji inatupiga, akaniambia yote. Tangu vuli anajua. Daktari wa macho kule Bregenz alimweleza kwamba sehemu ya katikati ya kuona inachakaa, macho yote mawili, na haitarudi. Pembeni kumebaki. Akiwa msituni, vigogo vyeusi vinasimama huku na huku naye anavifuata kwa pembe za macho. Kwenye theluji ya wazi hana cha kushika. Ndiyo maana alizichagua zile njia, Burgi. Goti langu lilikuwa kisingizio tu, na mimi nilikuwa nimemnunia kwa siku zote hizo.

Tulishuka Rossjoch yote kwa sauti yangu. Nilikwenda mbele yake polepole nikisema kulia, kushoto, simama, kuna bonge la theluji, endelea. Ilichukua muda mrefu sana. Mtu aliyeendesha basi la abiria la posta kwenye kona za milima hii maisha yake yote, bila kukwaruza hata kioo, sasa ananifuata huku mdomo wazi, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Kuna wakati niliacha kuongea ili nivute pumzi, akapiga kelele kwa hofu. Sijawahi kumsikia akitoa sauti ile.

Tulikwenda kwenye mkahawa wa chini tukaagiza supu yenye matonge ya ini. Nilikuwa ninamwonea huruma, nimemshika mkono chini ya meza. Halafu likanijia wazo nikauachia.

"Na Rosina?"

Unajua kwamba Ulrike wetu akiwa kazini babu ndiye anayempeleka mwanawe Rosina chekechea kwa gari. Anamfunga mkanda kwenye kiti chake cha nyuma, wanaimba njia nzima. Gebhard akakoroga supu. Kisha akasema barabara ile anaijua kama mdomo wake mwenyewe, na anakwenda taratibu.

Niliyomwambia siwezi kukuandikia. Watu wa meza ya pili waliacha kula.

Jioni hiyo theluji ikazidi, barabara ikafungwa, na tangu hapo tumefungiwa humu wawili. Wageni wengine wanacheza karata chini. Bi Zangerl, mwenye nyumba, anatania kwamba Mungu amemwongezea wateja. Mimi nikichungulia dirishani ninaona ukuta mweupe, nikigeuka ninaona mgongo wa mume wangu. Ameniomba jambo moja: nisimwambie Ulrike hadi Pasaka ipite. Anasema akishatoa funguo za gari, atakuwa mzigo wa kubebwa huku na huko na kuulizwa kama amekunywa dawa. Kuna wakati ninataka kumkumbatia, na kuna wakati ninataka kumtupia kiatu.

Na kuna langu pia, ambalo sina wa kumwambia ila wewe. Nikinyamaza, nimemweka yule mtoto hatarini. Nikisema, nimemvunja mtu huyu mikononi mwangu. Halafu ninaitazama miaka inayokuja: hospitali ni mimi, sokoni ni mimi, kumsomea gazeti ni mimi, na safari zote tulizopanga baada ya kustaafu zimekwisha kabla hazijaanza. Usiku na mchana ninahisi kama dari linashuka. Sijaendesha gari kwenye theluji tangu Ulrike akiwa mdogo. Kazi ya gari ilikuwa yake, mimi nilishika mkate na chupa ya chai. Bi Zangerl akitangaza asubuhi kwamba barabara bado, wenzangu wanalalamika, na mimi ninashusha pumzi.

Jana nimemwambia, ama amwambie Ulrike yeye, ama nimwambie mimi. Na kurudi nyumbani ninaendesha mimi.

"Wewe? Barabara ile? Utatuua."

"Basi tutakufa mmoja wetu akiwa anaona."

Nilidhani atacheka. Akageukia ukutani, na ndiko aliko hadi sasa.

Siku imepita, mdogo wangu, ninaendelea.

Alfajiri greda la theluji lilipita, na kabla ya chai Bi Zangerl akatangaza barabara imefunguliwa. Nyumba nzima ikakurupuka na mabegi. Gebhard alivaa upesi akashuka bila kunisubiri, na mimi nikabaki ninatafuta funguo kila mfuko, sizioni. Nikashuka ngazi mbio, nikijua nitamkuta kwenye usukani na kwamba nitalazimika kumtoa mbele ya watu wote.

Gari lilikuwa limefagiliwa theluji vizuri, vioo vyote, hata taa. Yeye amekaa kiti cha abiria, mkanda amefunga, kofia ameiweka mapajani. Funguo zilikuwa kwenye kiti changu.

Nikaziokota nikaketi kwenye usukani. Nimeendesha kwa gia ndogo, mikono inatoka jasho ndani ya glavu. Kwenye kona za mwanzo ndiye aliyeanza kusema, hapa inakaza, shusha gia, usiguse breki sasa, kana kwamba anaisoma barabara kwa makalio. Gari liliponizimikia mlimani na wa nyuma akapiga honi, nilingoja kejeli. Haikuja.

Sasa tuko kwenye foleni mbele ya handaki, magari yanaruhusiwa kwa zamu kwa taa ya barabarani. Nimezima injini, ninaandika juu ya goti. Muda mfupi uliopita aliniomba nimtafutie namba ya Ulrike kwenye simu. Akatoka, akasimama kwenye theluji, akaongea akinipa mgongo. Aliporudi akapenga kamasi. "Atampeleka Rosina mwenyewe," akasema, akafunga mkanda.

Usidhani nimepata nafuu, Burgi. Sijui mwakani tutatandaza ramani gani, wala kama tutaitandaza. Ila kwa sasa ninaendesha.

Nisalimie shemeji Desmond, umwambie aachane na ngazi. Wasalimie mwanao Hannes na mkewe, na umbusu mjukuu wako mpya kwa niaba yangu. Bi Zangerl anakukumbuka na anakusalimu. Mungu awalinde nyote, akupe macho mazima na miguu ya kukuleta nyumbani siku moja, maana nimekukumbuka hadi ninaumwa.

Gebhard ameniuliza sasa hivi, "Taa imebadilika?" Iko mbele yetu kabisa, kubwa, nyekundu, na ameikazia macho. Tangu siku ile mlimani, hii ndiyo mara ya kwanza anauliza asichokiona. Nimemwambia bado. Amesema nimwambie ikibadilika.

Ni mimi dada yako akupendaye sana,

Roswitha